Kwa Nini Nungunungu Hushuka Kabla ya Vita

Nungunungu walikuwa hodari wa vita lakini wazito wa mwendo. Fisi walipovamia bwawa lao, nungunungu walifika wamechelewa, maji yameshavurugwa na watoto wanalia kiu. Basi wakawaomba punda milia wawabebe, maana wote walikunywa maji ya bwawa moja. Tangu hapo waliwapanda punda milia, miiba ikiwa imelala, wakafika upesi, wakashuka, wakawageuzia fisi migongo na kusimamisha miiba.

Punda milia mmoja mdadisi alimuuliza jemadari wa nungunungu aliyekuwa mgongoni mwake, "Mzee, mbona mnashuka pale pale mambo yanapoanza kunoga?"

"Ndivyo tulivyozoea," akajibu Jemadari.

Lakini swali lile likamkaa kichwani. Kule juu aliona mbali, na wote walimwona.

Fisi waliporudi, askari wake wakashuka. Yeye akabaki juu.

"Leo napigana kikubwa!" akapaza sauti, akasimamisha miiba yote na kuutikisa mkia.

Mkia ukamchoma punda milia kiunoni. Akaruka, akatimua mbio na Jemadari mgongoni, asisimame mpaka ng'ambo ya kilima.

Askari waliwafukuza fisi bila jemadari wao. Yeye alirudi jioni, kwa miguu yake mwenyewe mifupi, huku punda milia akichechemea kando yake.

"Mzee," akasema punda milia, "lile swali langu, usihangaike tena kulijibu."