Mgeni wa Kasuku

Enzi zile wanyama walipokuwa wakikaa matanga, hakuna msiba uliopita bila Kasuku, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kusimulia habari za Mauti. Mauti, alisema, ni mgeni muungwana mwenye kanzu nyeupe. Hubisha hodi kwa sauti ya chini, huvua viatu mlangoni, kisha humbeba marehemu kama mama anavyombeba mtoto aliyesinzia. Wafiwa walinyamaza kimya, naye akadhani wamefarijika. Akimaliza aliletewa sahani ya ubwabwa.

Hayo hayo alimwambia Digidigi, ambaye mwanawe alichukuliwa na Chui huku akilia, "Mama, mama."

Siku moja Nyoka akapanda mti wa Kasuku. Kasuku alikuwa ng'ambo ya mto, akasikia kinda lake linamwita. Aliruka upesi, lakini alipofika alikuta manyoya na damu tu.

Wanyama wakaja, wakaketi mkekani. Digidigi akasogea karibu naye, akaanza taratibu, "Pole, Mzee Kasuku. Mauti ni mgeni muungwana. Hubisha hodi kwa sauti ya chini…"

"Nyamaza," Kasuku akasema. "Hakubisha hodi. Alimvunja mwanangu mifupa, na mwanangu alikuwa ananiita mimi."

Sahani ya ubwabwa ikawekwa mbele yake. Hakuigusa.

"Najua, mzee wangu," Digidigi akajibu. "Hata kwangu hakubisha. Nilitaka kukwambia siku ile, lakini ulikuwa unaongea."