Binti wa Bi Kanga na Mwewe

Zamani, wanyama walipokuwa wakipeana ushauri hata bila kuombwa, Bi Kanga alikuwa na binti asiyejua kujificha. Mwewe akionekana angani, mama husimama uwanjani, shingo juu, akipiga kelele, "Jifiche, mwanangu!" Binti naye husimama papo hapo, shingo juu.

Bi Kanga akamwendea Punda.

"Mchape," Punda akasema. "Mimi nilifunzwa kwa fimbo."

Akamchapa, asiambulie ila kilio. Akaenda kwa Nyuki.

"Fimbo ya nini, shoga? Mlambishe asali kila akijificha."

Basi binti akashinda kichakani akilamba asali mpaka ikaisha. Mwewe alipotokea, huyo uwanjani, shingo juu!

Siku moja mwewe akashuka kweli, akamparuza Bi Kanga mgongoni. Mama akaacha kelele, akatimua mbio hadi kichakani. Kugeuka, binti yuko nyuma yake, anahema.

"Fimbo hiyo!" Punda akajisifu.

"Asali yangu!" Nyuki akabisha.

Bi Kanga akamuuliza bintiye, "Nani kati yao kakufunza?"

"Hakuna, mama. Leo ndiyo mara ya kwanza kukuona ukijificha."