Kichupa Dirishani

Nesi Tunu alivuta damu ya tatu tangu Mzee Mbwelwa apasuliwe moyo.

“Kipimo cha pili kilipanda, baba. Hiki ndicho kitasema kama nyama ya moyo imeumia.”

“Damu ya marehemu mke wangu ilikaa mezani siku mbili bila kupimwa,” mzee alisema. “Mashine ya kupimia ipo, ufunguo wa maabara anao mkubwa, na mkubwa yuko semina! Hebu nipe hicho kichupa.”

Nesi akampa, kingali vuguvugu. Zamani, kila asubuhi, Siwema wake aliinua mayai ya kuku dirishani, akafumba jicho moja. “Hili lina uhai, mume wangu. Hili viza, kama ahadi za wakubwa wako.”

Mzee alikiinua kichupa kwenye jua, akafumba jicho moja. Nesi alinyoosha mkono kukichukua, kisha akaurudisha.