Koti Kwenye Msumari

"Nipatie simu yako, mwanangu," alisema mkaguzi, hata kabla ya kulivua koti lake.

Mlinzi wa kike akampa bila kuuliza. Kila alipokuja kukagua mitambo ya kituo kile cha kupozea umeme, mzee huyo aliazima simu mara mbili: kabla ya kuingia kazini na baada ya kutoka. Alikwenda nayo nyuma ya kibanda, ambako mngurumo wa transfoma ulimeza kila sauti, na punde si punde akairudisha.

"Haya, binti anasemaje leo?"

"Inaita vizuri," alijibu mzee, kama alivyojibu siku zote.

Mlinzi akatikisa kichwa. Habari za binti huyo alikwisha kuzisikia. Aliondoka nyumbani kwa hasira mara baada ya maziko ya mama yake, na mlangoni akamwambia baba yake: "Usinitafute. Nikiwa tayari, nitakupigia mwenyewe." Tangu hapo, kimya. Bila shaka ndiyo maana mzee aliazima simu ya watu. Namba ya baba yake, binti angeitambua.

Mkaguzi akalitundika koti kwenye msumari, akavaa ovaroli na glavu, kisha akatoa kipima umeme, akakigusisha kwenye soketi ya kibandani. Taa nyekundu ikawaka.

"Soketi yangu unaisalimia ukija na ukiondoka," mlinzi alimtania. "Mimi hata shikamoo zangu unaziitikia nusu nusu."

Mzee alitabasamu kidogo. "Kule ndani nikigusa waya na taa hii isiwake, mambo ni mawili: ama umeme haupo, ama kifaa ni kibovu. Ukimya wao ni mmoja. Kwa hiyo nakijaribu kwanza mahali ninapojua umeme upo, na nikimaliza nakijaribu tena. Hapo ndipo ninapouamini ukimya."

"Na ukishauamini?"

"Naendelea na kazi."

Akachukua kofia yake ngumu. Mlangoni akageuka na kusema, kwa sauti ile ile ya kutaja vipimo, kwamba hangerudi tena. Kesho alikuwa mstaafu.

"Mzee wangu! Na huko nyumbani nani anakupokea?"

"Kiti kipo," alisema, akatoka.

Muda mfupi baadaye umeme wa uani ukakatwa ili apime. Mngurumo ukafifia, ukakoma, na kimya kikatanda hadi mlinzi akawa anasikia pumzi zake mwenyewe. Kupitia dirishani alimwona mzee peke yake katikati ya vyuma, ameinama, akigusa waya mmoja baada ya mwingine kwa upole, kama mtu anayempapasa mgonjwa paji la uso.

Roho ikamuuma. Mtu aliyewalindia wengine taa zao miaka yote hiyo, leo arudi nyumbani kuzungumza na kiti? Haiwezekani. Lililomshinda baba kulisema, huenda mwanamke mwenzake angelisema. Akafungua simu, akaitafuta namba ambayo mzee aliipiga asubuhi ile. Ilikuwa pale juu kabisa, haina jina.

Akajikohoza. Akayapanga maneno, nusu kwa sauti: "Dada, hunijui. Nakuomba usikate. Baba yako leo anamaliza kazi. Njoo umchukue langoni, au basi mwambie neno moja tu, naye atalala."

Akabonyeza namba, akaiweka simu sikioni, akamwomba Mungu binti apokee.

Nyuma yake, pale kwenye msumari, koti la mzee likaanza kuita.