Sauti ya Mbuzi Fundi

Siku hizi katuni ikikaa mwezi mzima bila mtu kuitazama, mtandao unaifuta, wala hairudi tena. Mjukuu wangu Salha alikuwa nayo moja, ya mbuzi fundi cherehani anayekula vitambaa vya wateja. Aliichora peke yake miaka tisa, akamtia yule mbuzi sauti yake mwenyewe. Watazamaji tulikuwa sisi wa mtaani tu.

Salha alipofariki, mtaa mzima tulizima simu mpaka arobaini. Nani angecheka katuni msibani? Baada ya hitima nikamwambia jirani yangu, "Tatu, nifungulie mbuzi, nimsikie mjukuu wangu. Sauti yake imebaki humo tu."

Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Shoga, imefutwa. Mwezi umepita sisi tunamheshimu marehemu."

Nikalia. Tatu akanionea huruma, akamuiga mbuzi: "Meee! Mteja, gauni lako lilikuwa tamu, lete lingine!" Waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka na machozi yangu.

Afadhali angenyamaza. Tangu siku ile nikijaribu kuikumbuka sauti ya Salha, inayokuja ni ya Tatu.