Kiti cha Castory

Nasra alimfuta bosi wake Jumatatu asubuhi, mkono mmoja ukiwa umeshika andazi.

Haikuwa kazi kubwa. Alifungua folda ya pamoja ya barua pepe, ile iliyotumiwa na kitengo kizima, akaingia mahali pa kupanga nani apokee taarifa zipi. Kwenye taarifa za Kamati ya Manunuzi lilikuwepo jina moja tu la kitengo chao: Castory. Akaliondoa, akaweka lake. Kisha akamalizia andazi na kutazama vumbi la Dodoma likizunguka juu ya magari ya ofisi.

Castory mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba mtu anaweza kumalizwa hivyo.

Mwaka uliopita, Nasra akiwa nyumbani Ipagala na kichanga, tangazo la ufadhili wa masomo lilitumwa kwa barua pepe. Ni nafasi aliyoiota tangu alipotoka Kondoa. Hakuliona. Aliporudi kazini alikuta jina lake limeondolewa kwenye taarifa zote za ofisi, na Thobias, mpwa wa Castory, ameshapanda ndege kwenda kusoma.

"Nilikuonea huruma," Castory alimwambia, macho yakiwa kwenye simu. "Mzazi anahitaji kupumzika. Nikusumbue na barua za nini?"

Nasra alimshukuru. Akaenda chooni, akafungulia bomba ili watu wasimsikie akilia.

Tangu siku hiyo alijifanya mnyonge. Alimwamkia Castory shikamoo kabla hajashuka vizuri kwenye gari. Alijitolea kusimamia ile folda ambayo kila mtu aliikimbia, na Castory akamwachia bila neno. Ndipo ikafika Jumatatu ya andazi.

Mwaliko wa kikao kilichofuata ulimfikia yeye tu. Akaenda.

"Castory yuko wapi?" mwenyekiti wa kamati aliuliza.

"Mialiko ilitumwa, mzee," Nasra alijibu kwa upole. "Nimeona kitengo chetu kisikose mtu."

Mwenyekiti alisonya. Nasra akaketi kwenye kiti cha Castory. Zabuni ilikuwa ya pampu za maji za vijijini. Makabrasha yalikuwa manene na mazungumzo mafupi. Wenzake walisaini. Naye akasaini, akiikandamiza kalamu, mahali ambapo pangekuwa na sahihi ya Castory.

Kikao kingine kikawa vivyo hivyo. Safari hiyo Mkurugenzi alikuwepo.

"Huyu Castory anatudharau?" aliuliza.

Nasra aliinamisha kichwa, wasione anavyotabasamu.

Siku moja Castory alikuja mezani kwake na kikombe cha chai.

"Nasra, siku hizi sipati barua za kamati."

"Labda ni mtandao, mkuu. Nimwite Jordan?" Jordan alikuwa fundi wa kompyuta wa ofisi.

"Aa, usijisumbue. Vikaoni unakwenda?"

"Nakwenda, mkuu."

"Na unasaini?"

"Nasaini."

"Vizuri," Castory alisema, akapuliza chai yake, akaondoka.

Jioni ile, akimnyonyesha mwanawe, Nasra alimkumbuka mjinga yule na kikombe chake. Alicheka mpaka mtoto akaacha ziwa akamtazama.

Haukupita muda mrefu Castory akavuliwa ukuu wa kitengo, mbele ya wafanyakazi wote. Hakujitetea. "Nimesikia, Mkurugenzi," alisema tu, akahamisha vitu vyake hadi meza ya karibu na mlango. Nasra akatajwa kuwa kaimu.

Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Alianza kumwita Castory kwa jina tupu. Alimtuma mafaili mbele ya wageni. Akimwona amekaa kwa utulivu, alimtuma tena.

Halafu vijijini watu wakaanza kuuliza pampu ziko wapi. Zilikwisha kulipiwa. Hazikuwahi kununuliwa.

Wachunguzi wawili waliingia ofisini wakati wa chai. Kupitia dirishani Nasra alimwona mwenyekiti wa kamati ameshaketi ndani ya gari lao.

"Tunawahitaji wote waliopitisha zabuni ya pampu," mmoja alisema.

"Mimi nilimwakilisha mtu tu," Nasra alisema.

Mchunguzi alimwonyesha karatasi. "Sahihi hii ni ya nani, dada?"

Nasra aliitazama. Wino ulikuwa umekandamizwa sana.

"Ni yangu."

Walipofika mlangoni, Castory alisimama kuwapisha. Akamsogelea Nasra kama mtu anayetaka kumpa pole.

"Jordan alitaka kulirudisha jina langu siku ile ile ulipolifuta," alisema taratibu. "Nilimkataza."