Mwacheni Pilipili Aingie

Seremala mstaafu aliingia duka la dawa akiwa amevaa viatu viwili tofauti, na hakuwa amekuja kununua dawa.

"Mwacheni Pilipili aingie," alisema.

Mfamasia akaweka chini chupa aliyoishika. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwacheni aingie."

Mfamasia ndiye aliyekuwa msimamizi wa jukwaa la mtaa, lile la kwenye simu ambalo kila mtu huandika kwa jina la utani. Zamani watu walitangaza humo maji yakikatika, paka akipotea, fundi akihitajika. Uchaguzi ulipokaribia, weee! Ukitangaza msiba, wa kwanza kukujibu anauliza marehemu alikuwa chama gani. Watu wakachoka. Wakapiga kura humo humo, wakaamua mijadala ya uchaguzi ihamie ukumbi wake, na ukumbi wa zamani ubaki wa mambo mengine yote. Tena, ili kuwazuia wachochezi wa kukodiwa, kila anayetaka kuingia ukumbi mpya arekodi sauti yake, ajitambulishe.

Seremala alipinga kwa aya ndefu ndefu. Bomba likikauka, aliandika, hiyo si siasa? Mtaikata wapi, na kwa msumeno gani? Hoja ilikuwa nzuri, hata wapinzani wake walikiri. Wakampigia kura ya hapana hivyo hivyo.

"Mzee, wewe utaingia bila tabu," mfamasia akasema. "Sauti yako nani asiyeijua?"

"Sijasema mimi. Nimesema Pilipili."

Mfamasia akacheka. Mtaa mzima ulimjua Pilipili, yaani ulimjua kwa maneno, si kwa sura. Kila jioni seremala akimsifu mgombea wake, Pilipili anamrukia: Huyo mgombea wako hata kamba za viatu anafungiwa, kama wewe. Seremala anajibu, Pilipili anarudisha, na watu wanacheka mpaka sufuria zinaungua jikoni.

"Lakini huyo si ndiye anayekusimanga kila siku? Nilidhani utanishukuru."

"Nimekulalamikia lini?"

"Hujalalamika. Ila nimemwandikia mara ngapi arekodi sauti? Kimya. Mtu mwenye nia njema anaogopaje kusema jina lake?"

"Labda hawezi."

"Basi abaki ukumbi wa zamani, hajafukuzwa. Mtazungumza mengine. Mvua, mpira, magoti."

"Mengine gani?" Sauti ya mzee ikapanda. "Uchaguzi ndio tuliouzoea! Ukiutoa, tunabaki na nini?"

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi akageuka kumtazama. Mfamasia alimwonea huruma mzee wa watu, lakini kura ni kura. Jua likizama, neno lolote la uchaguzi litafutwa ukumbi wa zamani. Alimweleza hivyo kwa upole, akamwambia pole.

Nyumbani seremala hakutulia. Kuku anayetafuta pa kutagia ana nafuu. Alikwenda dirishani akarudi, akafungua jukwaa akalifunga, akaenda kunywa maji akarudi hajanywa. Binti yake, mwalimu, alikuwa mezani anasahihisha mitihani. Akaweka kalamu chini.

"Baba, unanizungusha kichwa. Yote haya kwa ajili ya mtu usiyemjua hata sura?"

"Hujui kitu wewe."

"Najua unapenda ubishi. Angekuwepo mama ungebishana naye, sisi tukapumzika."

Mzee akarudi tena dirishani. Alikuwa na hofu, tena ya waziwazi, ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Jua likizama atabaki bila wa kumpinga. Akakaa, akavaa miwani, akaandika ukumbi wa zamani: Pilipili, wanatuhamisha, na wewe hutaingia. Una la kusema?

Mtaa mzima ulikuwa unasoma. Fundi baiskeli akaandika kwamba leo Pilipili kaingia mitini. Muuza mkaa akasema mwacheni, anajipanga. Pilipili mwenyewe, kimya.

"Amejibu?" binti akauliza. Na yeye sasa mitihani alikuwa ameisahau.

"Bado."

"Atajibu tu. Huyo hakubali neno la mwisho liwe lako."

"Hajawahi kukubali," mzee akasema, akainuka. "Ngoja nikachukue sweta."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nje mwanga ulikuwa unaisha. Majirani wakaendelea kuhesabiana dakika humo jukwaani, wengine wanacheka, wengine wanauliza kama kweli mambo ndiyo yanakwisha hivi. Binti alishika simu yake kwa mikono miwili, akajishangaa. Simu ikalia.

"Baba! Baba, kajibu!" Akasimama. "Makubwa haya! Anasema: Haya, siasa basi, lakini usijidanganye kwamba umeshinda. Umekula, au umeshinda na chai tena?" Akacheka peke yake sebuleni. "Huyu mtu ana vituko! Sasa kajuaje kama umeshinda na chai? Baba, njoo umjibu!"

Chumbani, mzee alijifuta machozi kwa kiganja, akairudisha chini ya mto simu ya marehemu mkewe.